Mwaka Mjomba Malimi Alipoacha Kuoga

Siku hizi Mjomba Malimi ananukia sabuni ya mche. Ukikaa naye benchi moja kanisani unaisikia, akikupa sahani unaisikia, na hata kwenye msiba wa Bibi mwezi uliopita, wanaume walipokuwa wanapokezana machepe makaburini huku jasho linawatiririka, Mjomba alipita karibu yangu na sabuni ikanifikia. Nikaficha uso kwenye khanga. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu akanishika bega: "Pole ng'wanawane, jikaze mtoto wangu." Ni kweli nilikuwa nalia. Lakini nilikuwa nacheka pia, vyote kwa pamoja, na nisingeweza kumweleza mama wa watu kwamba kilichonichekesha kaburini kwa Bibi ni kipande cha sabuni.

Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita na nasubiri matokeo, kwa hiyo nikisema "zamani" watu wazima wananiangalia kama nimevaa koti la baba yao. Hata hivyo nataka kusimulia mwaka mmoja tu, mwaka wa sabuni na uyoga, ule niliokuwa kidato cha pili nikiishi kwa Bibi, si mbali na Kharumwa. Kwa nini niliishi kwa Bibi na si kwa wazazi ni habari ndefu ambayo haina uyoga ndani yake, naiacha. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba viwili na sebule, na kuta zake hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo neno likisemwa chumba kimoja lilikuwa la wote. Uani kulikuwa na jiko la nje, bafu la mabati lisilo na paa, na ghala kubwa la udongo ambalo zamani liliwekwa pamba. Wakati wangu lilikuwa na majembe mabovu, kuku mmoja aliyeatamia, na giza. Mimi nilikuwa mtoto wa kusikia. Shuleni waliniita Bubu, na walimu waliponiita kujibu swali walizoea kusema, "Holo, sauti!", na mimi sauti ndiyo ilizidi kushuka. Jioni nilikuwa naandika kwenye daftari yote niliyoshindwa kuyasema mchana. Ilikuwa desturi yangu tu, kama wengine wanavyosuka nywele.

Mjomba Malimi alikuja kiangazi, juu ya bodaboda, na godoro lililokunjwa, tochi ya kuvaa kichwani na jezi moja ya njano mwilini. Ni mdogo wa mama yangu. Alikuwa anachimba dhahabu Mwakitolyo, na kabla ya kuja mdomo wa duara lao, yaani shimo la dhahabu, ulikuwa umemporomokea akiwa ndani. Wenzake walimfukua mzima, ila kwa siku nyingi baada ya hapo alikuwa anainamisha kichwa upande na kukigonga kwa kiganja, kama mtu aliyetoka kuogelea, akidai bado kuna udongo sikioni. Bibi hakumuuliza kitu. Alimwekea matobolwa kwenye bakuli, vile viazi vya kukaushwa alivyojua kuvichemsha hadi vikawa kama asali, akamwekea na maziwa ya mgando, akakaa kumwangalia anakula. Alipomaliza akamwongezea. Alipomaliza tena akamwongezea, mpaka Mjomba akasema, "Mama, utaniua wewe sasa, duara limeshindwa."

Maneno yenyewe yalikuja jioni, juu ya ukuta, mimi nikiwa nimelala chali na kitabu cha baiolojia kifuani.

"Mama, mikono yangu imezoea sululu. Nikikaa bure naumwa."

"Uumwe hapahapa nikuone."

"Pamba siiwezi tena, nimeshasema. Nikipata kitu cha kunishika hapa nyumbani, sirudi duarani, nakuapia. Nikikosa, mahindi yakivunwa naondoka. Usije ukanililia."

"Nililia siku ile waliyonipigia simu kwamba wanakufukua. Nitakulilia na nini tena, machozi gani?"

Halafu nikasikia Bibi anapenga kamasi. Kitabu kilinilemea kifuani kama tofali. Sikutaka aondoke. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma Bibi, na nilimwonea, lakini ukweli wangu wa umri ule ulikuwa wa ubinafsi zaidi: Mjomba ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa ananisubiri nimalize kusema. Nikianza sentensi nikakwama katikati, yeye aliendelea kuchonga mpini wake au kufunga kamba yake mpaka mwisho wa sentensi ufike, hata kama ulichelewa. Sikuwa nimewahi kuongea na mtu wa namna hiyo.

Mvua zilipoanza, Bibi akaanza kuamka kabla ya kuku. Kila siku baada ya mvua kubwa iliyofuatwa na joto alikuwa anajua, sijui kwa pua au kwa magoti, kwamba vichuguu vimepasuka. Aliniamsha kwa kunigusa unyayo. Tulienda na ndoo ndogo na majani ya mgomba, hatukuvaa viatu, na hatukuzungumza. Uyoga wa kichuguuni unatoka wote kwa pamoja, jana hakuna kitu, leo kuna vichwa vya rangi ya kijivu vimesukuma udongo, kila kimoja na kinundu katikati kama chuchu, na chini shina jeupe refu linaloingia ndani kabisa kwa mchwa. Bibi hakuruhusu jembe wala kisu. Unaushika chini kabisa, unauzungusha taratibu, unauvuta, ukisikia umekatika unafukia tundu kwa kiganja na kupigapiga kama unavyombembeleza mtoto. Kando ya kichuguu kulikuwa na mwingine uliofanana nao kiasi, mimi nikauelekea. Bibi akanizuia mkono. "Huu mama yangu hakuuchuma, kwa hiyo mimi siujui, kwa hiyo sufuria yangu haiujui." Basi. Hakukuwa na somo lingine zaidi ya hilo.

Kitu alichokisisitiza kuliko vyote ni kurudi. Hatukurudi hata mara moja kwa njia tuliyokwenda nayo. Ndoo ilifunikwa majani ya mgomba, tukazunguka kwa mashamba ya mpunga, tukapita kisimani ambako hatukuwa na shida ya maji, tukajitokeza kijijini upande mwingine kabisa, miguu imejaa tope. Kila mwenye kichuguu chake alifanya hivyo, na kila mtu alijua kwamba mwenzake anafanya hivyo. Mama Shija, jirani yetu, alikuwa anatusubiri mlangoni kwake na ufagio ambao haukuwa unafagia.

"Mwangaluka, Mama Malimi! Mbona asubuhi yote hii? Ndoo ina nini?"

"Matope," Bibi alijibu bila kusimama.

"Matope yanafunikwa majani?"

"Yasipate baridi."

Mama Shija akacheka mpaka ufagio ukamponyoka, na jioni Bibi akanituma nimpelekee kibakuli cha yale matope, yameungwa kwa karanga. Ndivyo ilivyokuwa. Uyoga wenyewe uligawiwa. Kilichofichwa ni njia.

Usiku ule tulikula sebuleni, sahani moja, ugali wa mtama na uyoga wa karanga za kutwanga, mzito, na chumvi kidogo tu maana Bibi alisema chumvi nyingi ni kwa mboga isiyojiamini. Mjomba alikula kwa ukimya wa heshima. Kisha akalamba kidole, akasema, "Hii ingekuwa inatoka kila wiki, mwanaume angehama nyumbani kutafuta nini?" Alisema kama mzaha. Bibi akaacha kutafuna. Na mimi, ambaye kwenye sahani ile sikuwahi kutoa neno zaidi ya "nimeshiba", nikasikia mdomo wangu unasema, chini sana, kuelekea kwenye ugali: "Shuleni tunaotesha."

"Mnaotesha nini?" Mjomba akauliza.

Nikakwama. Mjomba akachukua tonge, akalichovya, akalila lote, akasubiri.

"Uyoga. Si huu. Mwingine, mweupe, wa kwenye mifuko. Madamu anatufundisha. Unatumia mabua ya mpunga... na chumba cha giza."

Wote wawili, bila kuangaliana, wakageuza shingo kuelekea uani, kwenye ghala.

Madamu, mwalimu wetu wa baiolojia, alikuwa na klabu ya uyoga nyuma ya maabara, wanafunzi wachache, na mimi niliingia kwa sababu ndiyo klabu pekee isiyokuwa na kuimba. Alitutolea darasa lake kwa upole mkubwa: mabua ya mpunga unayakatakata, unayaloweka, unayachemsha kwenye pipa kutwa nzima ili kila kijidudu kilichomo kife, unayapoza mahali safi, unayapanga kwenye mfuko wa nailoni tabaka kwa tabaka na mbegu, ambazo ni punje za mtama zilizovaa utando mweupe, zinakuja kwenye chupa kutoka Mwanza. Unafunga, unatundika gizani, unasubiri mfuko wote ugeuke mweupe. Baada ya hapo unautoboa, unaunyunyizia maji, na uyoga unatokea matunduni kama masikio.

Mjomba alinifanya nimweleze yote haya mara nyingi sana, na kwa kuwa alikuwa anasubiri, niliyaeleza yote. Alipoelewa, alilishambulia ghala kama mwamba. Alimhamisha kuku na mayai yake. Alisimamisha magogo ndani na kuyafunga kwa kamba kwa namna ileile wanayoshikilia kuta za mashimo, akatundika vijiti vya kuning'iniza mifuko, akaziba nyufa kwa udongo, akaweka pazia la gunia mlangoni, akawasha tochi yake ya kichwani, akaingia. "Duara namba mbili," akasema kutoka gizani, na ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kumsikia ana furaha. Bibi alisimamia pipa. Alikuwa anachochea moto kwa wivu, hataki mtu mwingine aguse kuni, akisema kwamba amechemsha pombe za harusi ngapi maishani mwake, ashindwe na majani? Siku ya kupanda tulinawa mikono mpaka viwiko kama Madamu alivyosema, tukafunga vitambaa mdomoni. Mjomba akapanda kwa kiganja kile kikubwa chenye sugu, taratibu, akitabasamu nyuma ya kitambaa. Niliona kwenye macho yake.

Mifuko ikatundikwa. Na tangu siku ile Mjomba akaacha kuoga.

Sikulijua mara moja. Kwanza niliona jezi ya njano haianikwi. Kisha nikaona ndoo ya maji ya moto ambayo Bibi alikuwa anamwekea bafuni kila jioni inabaki hadi inapoa. Kisha pua ikajua kilichobaki. Nilipomuuliza Bibi kwa macho tu, akanivuta jikoni akaninong'oneza. Kwenye kundi lao la Mwakitolyo kulikuwa na masharti: mkishafika kwenye mwamba mnaoutegemea, hakuna kuoga, hakuna kubadili nguo, mpaka duara liteme dhahabu. Anayeoga anaisafisha bahati ya wote. Mjomba alikuwa ametundika mifuko yake, alikuwa anasubiri iteme, basi alikuwa anafanya kile ambacho mtu makini hufanya. Na alikuwa makini kweli. Alitoka kuswaga mbuzi akaingia ghalani kuangalia. Alitoka kupakia samadi akaingia kuangalia. Aliingia asubuhi, mchana na jioni, akaipapasa mifuko mmoja mmoja, akaweka pua.

Mifuko ikaanza kuwa myeupe, halafu siku moja ikawa na madoa ya kijani. Madoa yakatambaa. Ndani ya muda mfupi mfuko baada ya mfuko ulikuwa wa kijani kama maji ya bwawa la ng'ombe, na ghala likanuka uchachu. Mjomba aliitoa yote nje juani, akaipanga mstari, akaiangalia. Halafu akatugeukia mimi na Bibi tuliokuwa mlangoni, na kwa sauti ya mtu aliyeumia kabisa akauliza:

"Nani ameoga humu ndani?"

Mimi ningetaka ardhi inifunike, maana nilikuwa naoga kila siku kabla ya kwenda shule, tena kwa sabuni.

"Mimi nimeoga," Bibi akasema. "Nimeoga leo, nilioga jana, nilioga siku ya kukuzaa. Utanifanya nini?"

"Mama, sitanii."

"Na mimi sijacheka."

Mjomba alichukua ile mifuko akaenda kuizika mbali, kwa chepe, na tulimsikia anafukia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku chache baadaye akaja Nondo. Huyu alikuwa mwenzake wa shimoni, ndiye aliyeongoza kumfukua, kijana mrefu mwenye kucheka kwa mabega. Alifika na pikipiki imejaa vumbi, akamwamkia Bibi kwa adabu, "Shikamoo mama," Bibi akamwitikia "Marahaba" bila kuacha kupepeta. Wakakaa na Mjomba kwenye kivuli cha ghala, na mimi nilikuwa nafua nyuma ya ghala hilo.

"Duara la jirani yetu limetema," Nondo akasema. "Letu liko palepale, mshipa mmoja. Tumelifungua upya, tumeweka magogo mapya. Nafasi yako ipo. Wewe unafanya nini hapa, unafuga majani?"

"Naotesha uyoga."

"Uyoga!" Mabega yakacheza. "Mvua inaotesha bure, wewe unaumiza kichwa. Malimi, mwanaume mzima unatundika nailoni gizani unaziangalia?"

"Nilizika za kwanza," Mjomba akakiri. "Kuna mtu alivunja masharti. Napanda tena mara moja. Zikiharibika, njoo unichukue wakati wa mavuno ya mahindi."

"Nitakuja."

Nilikuwa nimeshika shati langu la shule ndani ya povu, na nikasahau kulisugua. Mahindi yalikuwa tayari yanachanua.

Kesho yake nilibaki baada ya klabu. Nilimweleza Madamu kuhusu ule ukungu wa kijani, na aliniuliza maswali ya kawaida: mabua yalichemka sawasawa? Ndiyo. Mbegu zilikuwa nzima? Ndiyo. Nani anaingia chumbani? Mjomba. Anaingia mara ngapi? Kila saa. Anatoka wapi akiingia? Kwa mbuzi. Akaweka kalamu chini. "Anaoga kabla?" Nikatikisa kichwa. Akanitazama, na uso wangu ukamweleza mengine yote, maana alifunika mdomo kwa daftari la mahudhurio. "Holo, ukungu huo unapanda kwenye nguo na mikono kama abiria. Mjomba wako ndiye anayeupeleka. Inabidi umwambie."

"Siwezi, Madamu."

"Mwambie tu kwa heshima."

Lakini heshima ipi hiyo? Nilirudi nyumbani nikiitafuta njia nzima. Mtoto wa dada yake, msichana, tena Bubu, amsogelee mjomba amwambie, samahani, unanuka na unaua uyoga? Nikamwendea Bibi. Alikuwa anachambua kunde, hakunyanyua macho. "Mimi nikimgusa habari za duarani, anafunga godoro. Nimejaribu tangu alipobalehe. Kwangu ni ugomvi. Wewe hujawahi kugombana na mtu, hata kuku." Akanisukumia nusu ya kunde nichambue naye. "Tafuta mlango wako."

Mlango niliupata siku ya kupanda mara ya pili, au labda wenyewe ulinipata. Mabua yalikuwa yanapoa juu ya turubai safi. Mjomba alikuja kutoka zizini na ile jezi, ambayo sasa haikuwa ya njano, akanyoosha mkono kuchukua chupa ya mbegu. Nami nikaikumbatia chupa.

"Mjomba."

Akasubiri.

"Hili duara," nikasema, kisha nikakwama. Yeye akachuchumaa, akaokota kijiti, akaanza kuchora chini, taratibu, bila kunitazama, kama alivyofanya siku zote. "Hili duara lina masharti yake. Si yale ya Mwakitolyo. Lina ya kwake."

Kijiti kikasimama. "Masharti gani?"

"Anayeingia aoge kwanza. Kwa sabuni. Avae nguo iliyofuliwa. Kila anapoingia, hata kama aliingia sasa hivi akatoka kwa mbuzi. Asiyeoga akiingia, linageuka kijani."

Sikudanganya hata neno moja. Nilisema tu yale ya Madamu kwa lugha ya shimoni. Mjomba aliniangalia, na nilijiandaa kwa lolote: kicheko, kofi, godoro kufungwa. Badala yake uso wake ukajaa kitu kama mshangao wa mtu aliyepewa ufunguo ambao ulikuwa mfukoni kwa mwenzake siku zote.

"Holo," akasema, "mbona hukuniambia mapema? Mtu anapewa duara haambiwi masharti yake?"

Akatupa kijiti, akaenda bafuni. Alikaa huko mpaka Bibi akaenda kuchungulia kama yuko salama. Tulisikia maji, tukasikia kusugua, tukasikia na kikohozi cha povu. Bibi alirudi jikoni akakaa kwenye kigoda chake, akajifunika mdomo kwa upande wa khanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka hivyo bila sauti muda mrefu, machozi yanamtoka, yale aliyosema yameisha.

Kuanzia hapo hatukupumua. Mjomba aliyashika masharti mapya kwa bidii ileile aliyoshika ya zamani, tena zaidi. Aligawa mche wa sabuni kwa waya akaweka kipande bafuni, kipande mlangoni mwa ghala, kipande mfukoni. Bibi akitaka kupita tu karibu na pazia anaulizwa. Mama Shija alikuja kuomba moto akaulizwa, akaenda kutangaza kijiji kizima kwamba kwa Mama Malimi siku hizi unahojiwa mwili. Mimi nikitoka shule, kabla hata ya kusema shikamoo, nilisikia sauti kutoka gizani: "Umeoga?" Na mifuko ikawa inageuka, kutoka chini kwenda juu, myeupe, myeupe, bila doa, kama mtu anavuta shuka safi polepole. Mjomba aliitoboa mwenyewe. Akainyunyizia maji kwa chupa ambayo kifuniko chake alikitoboa kwa msumari.

Nondo alirudi mahindi yakiwa yamevunwa nusu. Nilikuwa uani, napukuchua. Moyo ulinishuka hadi kwenye ungo. Pikipiki haikuzimwa hata.

"Malimi! Funga godoro, twende!"

"Niko ndani," sauti ya Mjomba ikajibu kutoka ghalani. "Njoo uone."

Nondo akazima pikipiki, akaenda kwa hatua ndefu, akashika pazia.

"Umeoga?"

"Nini?"

"Huingii hujaoga. Bafu lile pale, sabuni iko juu ya jiwe."

"Wewe una wazimu? Tumefika kwenye mwamba wiki hii! Nikioga leo, wenzangu watanifukia mimi mzimamzima!"

"Basi huoni."

"Toka wewe unieleze hapa nje."

"Nikitoka nje hapo ulipo, itabidi nioge tena. Nimetoka kuoga sasa hivi, maji yenyewe ya kisima ni ya baridi."

Nimeyakumbuka mazungumzo yale mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikiliza. Wanaume wawili, marafiki waliofukuana udongo, mmoja hawezi kuoga, mwingine hawezi kutoka bila kuoga tena, katikati gunia. Nondo alibembeleza. Alitukana kidogo, kisha akamwomba Bibi radhi. Alijaribu kuchungulia pembeni, Mjomba akalivuta pazia. Mwishowe Nondo akakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa ghala, na mimi nadhani Mjomba naye alikaa upande wake wa ndani, maana sauti zao zilishuka zikawa usawa mmoja.

"Hurudi kweli?"

"Uyoga umetema, ndugu yangu," Mjomba akasema. "Umetema. Laiti ungeona."

Mkono ukatoka chini ya pazia, msafi hadi kwenye kucha, umeshika shada la uyoga mweupe, mkubwa kama kitambaa kilichokunjwa. Nondo aliupokea kwa mikono miwili. Aliuangalia, akaunusa, akaanza kucheka kwa mabega yake, na akaondoka nao kwenye pikipiki ameuweka kifuani ndani ya shati. Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko. Aliingia ndani akaweka matobolwa motoni, mengi, kama ya mgeni anayefika kutoka mbali.

Nondo mwenyewe aliacha mashimo miaka ya baadaye, kwa sababu zake. Alikuja kwenye msiba wa Bibi, amevaa shati la kupigwa pasi, na alipofika alipita bafuni kwanza bila kuambiwa, akaenda kupeana mkono na Mjomba nywele zikiwa bado zinadondosha maji. Hapo wote wawili walilia.

Juma lile la msiba mvua ilinyesha kubwa, kisha likaja joto. Alfajiri niliguswa unyayo. Nilifumbua macho nikiwa na uhakika ni Bibi, na nilikaa kidogo na uhakika huo kabla sijaona ni Mjomba, ameshika ndoo na majani ya mgomba. "Wewe ndiye unayekijua kichuguu chake," akasema. Kweli, Mjomba hakuwahi kukijua. Bibi alimficha hata yeye. Nikavua viatu, nikatangulia. Vichwa vya kijivu vilikuwa vimejaa pale, wingi ambao sijawahi kuuona, na tulichuma bila maneno, tunazungusha, tunavuta, tunafukia na kupigapiga. Ule mwingine wa kando ulikuwepo pia. Mjomba akaunyooshea mkono, nikamzuia.

Tukarudi kwa njia ya mpunga, tukapita kisimani. Mama Shija, amezeeka sasa, alikuwa mlangoni na ufagio. Alifungua mdomo, akaangalia ndoo, akaangalia nafasi mbele yetu ambapo Bibi angekuwa anatembea, na akasita. Mjomba aliinama. Ilibidi mtu aseme.

"Mwangaluka, mama," nikasema, kwa sauti ambayo walimu wangu wangeshangaa. "Ni matope."

"Yamefunikwa," Mama Shija akajibu, ameegemea ufagio wake.

"Yasipate baridi."

Tulipofika uani Mjomba alinikabidhi ndoo, akachukua kipande cha sabuni juu ya jiwe, akaingia bafuni, maana kulikuwa kumekucha na alikuwa hajaingia duarani kwake.